Kabla Hatujaishangilia Padi Mpya

Hotuba kwa wenye mabanda ya gemu, mafundi na wachezaji, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, kina kaka na kina dada mliojibana kwenye viti hivi, na wazee mliokuja kusikia vijana wenu wanabishania nini usiku kucha, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mambo mapya kwenye padi za gemu, hivi vidhibiti tunavyovishika mkononi, yapi yana maana na yapi ni mbwembwe. Najua humu ndani tumegawanyika. Wapo wanaosema ukishaizoea padi ya PS5, yaani PlayStation 5 ya Sony, huwezi tena kurudi kwenye ya PS4. Wapo wanaosema tangu kampuni zianze kujaza mota na maikrofoni ndani ya padi, bei imepanda na uhai umepungua. Msimamo wangu nautoa mapema, asiwepo wa kuutafuta. Kila jambo jipya kwenye padi mimi naliuliza maswali mawili. Mchezaji asipolitaka anaweza kulizima? Na likiharibika, fundi wa kawaida anaweza kulibadilisha? Padi inayoshindwa maswali hayo siipigii makofi, hata kama siku ya kwanza mkononi ni tamu.

Nianze na mambo mapya yaliyokubalika, maana yana sifa moja tunayoisahau: yalizaliwa na shida. Mwaka 1982 mhandisi wa kampuni ya Kijapani ya Nintendo, Gunpei Yokoi, alitaka kuiingiza gemu ya Donkey Kong kwenye kifaa cha Game & Watch, kile kinachokunjwa na kutiwa mfukoni. Kijiti kirefu cha mashine za ukumbini kingezuia kifuniko kisifunge. Akabuni msalaba bapa unaobonyezwa kwa kidole gumba kimoja. Mwaka uliofuata msalaba huo ukawa kwenye padi ya Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, na leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, shika padi yoyote humu ndani, uko pale pale upande wa kushoto.

Analogi, kile kijiti kifupi cha kusukuma kwa kidole gumba, nayo ilikuja kwa shida. Nintendo 64 ilipotoka mwaka 1996, Mario alikuwa ameingia kwenye ulimwengu wenye kina, na msalaba ulishindwa kumwambia anyate au akimbie. Analogi ikaweza. Ukiisukuma kidogo ananyata, ukiifikisha mwisho anatimua mbio, na hakuna aliyehitaji kusomewa faida yake. Lakini analogi ile ile ndani ilikuwa plastiki inayosuguana na plastiki. Ilisagika, ikatoa unga mweupe, ikalegea. Kisha ikaja Mario Party, yenye michezo midogo iliyokudai uizungushe analogi haraka kadiri uwezavyo. Watoto wakaizungusha kwa kiganja, viganja vikachubuka na kutoka malengelenge. Mwaka 2000 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York akafikia makubaliano na Nintendo, na kampuni ikakubali kuzipa familia glavu za kukinga mikono. Glavu, ndugu zangu, kwa ajili ya kucheza gemu. Nawaeleza haya ili tusidhani kwamba ubishi kuhusu padi umeanza na sisi, au kwamba jambo jema halina madhara yake.

Yapo pia mambo mapya yaliyokufa bila tanzia. Wangapi mnakumbuka kwamba vitufe vya padi ya PS2 vilikuwa vinapima nguvu ya kidole? DualShock 2 ya mwaka 2000 ilijua kama umeibonyeza X kwa ulaini au kwa nguvu. Kwenye Gran Turismo 3 uliweza kuikanyagia gari mafuta nusu nusu kwa kidole gumba. Wengi wetu tuliimiliki padi hiyo miaka na miaka bila kujua. Kitufe chenyewe hakikukuonyesha umekibonyeza kiasi gani, kwa hiyo kidole hakikuwa na pa kujifunzia. DualShock 4, padi ya PS4, ilipokuja mwaka 2013, uwezo huo ulikuwa umeondolewa, na sikumsikia mtu akiulilia.

Mtetemo una kisa chake, na nakisimulia kwa sababu kinatufundisha namna ya kuzisikiliza kampuni zinapozungumza. Mwaka 2006 PS3 ilitoka na padi iitwayo Sixaxis, isiyotetemeka hata kidogo. Sony ilisema mtetemo ungeingiliana na vihisi vya mwendo vilivyokuwa ndani ya padi, na mmoja wa wakuu wake akauita mtetemo jambo la kizazi kilichopita. Wakati huo huo mahakamani kulikuwa na kesi. Kampuni ya Immersion ilikuwa imeishtaki Sony kwa hataza (haki za uvumbuzi) za mtetemo, na mwaka 2004 baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limeamua Sony ilipe dola milioni 82. Machi 2007 pande mbili zikamaliza ugomvi wao. Kabla mwaka huo haujaisha, DualShock 3 ikatoka Japani ikitetemeka, na vihisi vya mwendo vikiwa humo humo. Kwa hiyo mkiambiwa jambo fulani limeondolewa kwa sababu za kiufundi, au limeletwa kwa sababu wachezaji wamelililia, subirini kidogo kabla ya kuitikia.

Sasa tuje kwenye ubishi wetu wa leo, na tuanze na R2 na L2 za PS5, vile vitufe vinavyovutwa kama kifyatulio cha bunduki.

Ndani ya padi ya DualSense, nyuma ya kila kitufe cha risasi, mna mota ndogo inayozungusha gia, na gia inasukuma mkono wa plastiki unaokizuia kitufe kisishuke. Gemu ndiyo inayoamuru mkono usimame wapi na kwa nguvu gani. Ukivuta upinde, kitufe kinakaza. Bunduki ikikwama, kitufe kinagoma. Kwenye gemu ya kikapu ya NBA 2K21, mchezaji wako akichoka, R2 ya kukimbilia inakuwa nzito kidoleni, na unauhisi uchovu wake kabla hujauona kwenye kioo. Kwenye Returnal ya mwaka 2021, L2 ikibonywa nusu unalenga kwa silaha ya kawaida, na ukiipitisha pale inapokaza unapata silaha ya pili. Kitufe kimoja, kazi mbili, na kidole kinajua mpaka uko wapi. Huo ni ubunifu wa kweli na nauheshimu. Angalia jinsi ulivyotibu ugonjwa ule ule wa DualShock 2: safari hii kitufe chenyewe kinakwambia umefika wapi.

Wanaopinga nao wana hoja, na hoja zao si za wivu. Anayecheza gemu ya vita ya Call of Duty kwa ushindani anataka risasi itoke pale kidole kinapogusa, kwa hiyo anaizima hali hiyo siku ile ile anayonunua gemu. Mwenye maumivu ya vidole naye anaizima. Mtu wa mabanda anauliza swali jingine: hiyo mota na gia zake, vijana 30 wakipokezana padi moja kuanzia asubuhi hadi saa nne za usiku, vitafika mwaka? Mimi ninayezifungua padi hizo nawaambia kwamba kinachoniletea kazi mara nyingi kwenye R2 ni chemchemi iliyokatika. Kitufe kinaanguka chini, kinalegea kama jino la mtoto, na gemu inadhani kimebonywa. Chemchemi ni kitu kidogo sana, lakini kuifikia inabidi niivunje padi yote vipande vipande.

Hata hivyo uamuzi wangu hapa uko upande wa Sony kwa jambo moja. Ukifungua mipangilio ya PS5, unaweza kupunguza ukazaji huo au kuuzima kabisa, kwa gemu zote, mara moja. Hilo ndilo jibu sahihi. Mwenye kuutaka anaupata, asiyeutaka hasumbuliwi. Swali langu la kwanza limejibiwa vizuri. La pili ndilo linalonitia uchungu, na uchungu wenyewe hauko kwenye R2, uko kwenye analogi.

Naomba mnivumilie hapa, maana hapa ndipo nilipokuja.

Hii niliyoishika ni DualSense. Kuifungua unatoa kwanza ukanda mweusi wa katikati, unaving'oa vitufe vya R1 na L1 ili uzione skrubu mbili zilizofichwa chini yake, unatoa na mbili nyingine huku chini, jumla skrubu 4. Kava linaachia. Unanyanyua betri, unachomoa nyaya za mota, unafika kwenye bodi. Analogi ni kile kisanduku kidogo cha bati. Kimebanwa kwenye bodi kwa miguu 14: mitatu ya kihisi cha kulia na kushoto, mitatu ya kihisi cha juu na chini, minne ya kitufe cha L3 (kile unachokipata ukiibonyeza analogi yenyewe), minne ya fremu. Miguu yote 14 imechomelewa kwa risasi, ile metali laini ya kuungia nyaya. Ili analogi itoke, lazima risasi iyeyuke kwenye mashimo yote 14 bila kuung'oa utando wa shaba ulioko kwenye bodi. Ukizidisha moto umeua bodi. Ukivuta mapema umeua bodi.

Na ndani ya kisanduku hicho mna nini? Mna kitanzi cha kaboni, na juu yake kijipande cha chuma chembamba kinachotambaa kila ukigusa analogi. Umeme unapita kwenye kaboni, na padi inajua analogi iko wapi kwa kupima umeme uliobaki. Chuma kinasugua kaboni mara milioni, kaboni inalika, vumbi lake linabaki mle mle. Siku moja unaiachia analogi, kidole hakipo, na beki wako anaondoka mwenyewe kuelekea kona. Tunasema analogi inajiendea. Unapuliza, unapulizia dawa ya kusafishia, inatulia wiki moja, inarudi.

Mwaka 2021 wale mabingwa wa kufungua vifaa wa Marekani, iFixit, waliipekua DualSense na kukuta analogi yenye kihisi cha kampuni ya Alps, jamii ile ile ya vihisi inayotumika pia kwenye padi za PS4 na za Xbox ya Microsoft. Mtengenezaji mwenyewe anaihesabia maisha ya mizunguko milioni 2. Wakapiga hesabu ya mchezaji wa gemu ya vita inayochezwa kwa pupa, wakapata kwamba idadi hiyo inaweza kufikiwa kwa saa 417. Nyumbani kwa mtu anayecheza saa mbili kila jioni, hiyo ni miezi saba. Kwenye banda linalofanya kazi saa 10 kwa siku ni wiki sita! Mpira hauichoshi analogi kama vita, na padi nyingi zinavuka hapo, lakini wenye mabanda mlio hapa mnajua ninachosema. Mnazo padi kwenye maboksi chini ya kaunta.

Tiba ipo, na si mpya. Mwaka 1879 Mmarekani aitwaye Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na bamba linalopitisha umeme, umeme ule unasukumwa pembeni kwa kiasi unachoweza kukipima. Weka sumaku ndogo chini ya analogi, weka kihisi kando yake, na padi itajua analogi iko wapi bila kitu kugusana na kitu. Pasipo kugusana, pale hapasagiki. Kampuni ya Sega iliweka sumaku kwenye analogi ya mashine yake ya Dreamcast mwaka 1998. Fikirini, 1998! Teknolojia ikawepo, ikaachwa, na dunia nzima ikahamia kwenye kaboni.

Watetezi wa kampuni kubwa wanasema sumaku zinakula umeme zaidi. Wanasema kuipata katikati ya analogi ya sumaku kunahitaji upimaji makini kiwandani, na kwamba kubadilisha kihisi ni kubadilisha bodi nzima. Ni hoja za kweli, sizidharau. Analogi za sumaku za mwanzo nilizozifunga mimi zilikuwa na tabia ya kutokwenda sawasawa kwenye pembe. Lakini sasa kuna aina nyingine ya kihisi cha sumaku, kinachoitwa TMR, kinachokula umeme kidogo sana, kiasi kwamba mafundi wanakifunga kwenye padi za zamani na betri haistuki. Na kampuni za Shenzhen kule China, 8BitDo na GuliKit, zimekuwa zikiuza padi zenye analogi za sumaku kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024 8BitDo ilitoa Ultimate 2C isiyo na waya kwa dola 30. Padi ya PS5 ilianza na dola 70 mwaka 2020. Yenye bei ya chini ina sumaku, yenye bei ya juu ina kaboni. Hapo hoja ya gharama inasimama kwa mguu gani?

Mtaniambia basi tununue za Shenzhen. Kwa kompyuta na simu, nunueni, mimi nazipenda. Lakini jaribu kuichomeka hiyo ya dola 30 kwenye PS5. Haipokelewi. Hata padi ya PS4, iliyotengenezwa na Sony wenyewe, kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 peke yake. Mwenye banda aliyekuwa na padi kumi nzima za PS4 alihamia PS5 akiwa na padi sifuri. Mlango umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga ndiye anayeuza funguo.

Kisa cha Joy-Con, padi ndogo za mashine ya Nintendo iitwayo Switch, mnakijua. Switch ilitoka Machi 2017, na malalamiko ya analogi kujiendea hayakuchelewa. Julai 2019 kesi ya pamoja ikafunguliwa Marekani. Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa usumbufu walioupata wateja alipoulizwa na wanahisa. Januari 2021 BEUC, umoja wa vyama vya kutetea watumiaji barani Ulaya, ukapeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya ukiwa na taarifa za watu karibu 25,000. Mwaka 2023 Nintendo ikaahidi kuzitengeneza bure Joy-Con za namna hiyo hata baada ya muda wa dhamana kuisha, kwa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Uingereza na Uswisi. Hayo yalipatikana kwa sababu watu waliandika, wakahesabiwa, wakawa 25,000. Kariakoo hakuna aliyetuhesabu. Wenzetu wa Luthuli Avenue kule Nairobi hakuna aliyewahesabu. Analogi ikifa huku, anayelipa ni mwenye banda, na anayeihangaikia ni fundi mwenye pasi ya kuchomelea na jicho lililochoka.

Na Switch 2? Imetoka tarehe 5 Juni 2025. Joy-Con zake zinanasa kwa sumaku pembeni mwa kifaa, na ukiilaza moja mezani inageuka kuwa mausi ya kompyuta. Nimeona wachezaji wakifurahia, na mausi kwa baadhi ya gemu ni raha ya kweli. Lakini Nintendo wenyewe walithibitisha kwamba analogi zake si za aina ile ya Hall. Baada ya kesi, radhi na malalamiko yote hayo, sumaku wameziweka ubavuni, kwenye analogi hawakuziweka.

Nawaomba tulitazame jambo moja zuri sana ambalo Sony walilifanya Januari 2023, likapita bila kelele huku kwetu. Ilikuwa padi ya DualSense Edge. Ukiibandua sahani ya mbele na kunyanyua kibano kidogo, analogi nzima inachomoka mkononi kama betri ya simu za zamani, unachomeka nyingine, umemaliza. Hakuna risasi, hakuna miguu 14. Analogi moja ya akiba ilitoka kwa dola 20. Hili ndilo ninalolitaka. Yaani wanajua kulifanya, wamelifanya, linafanya kazi. Wakaliweka kwenye padi ya dola 200, yenye betri ndogo kuliko ya padi ya kawaida, mAh 1,050 dhidi ya mAh 1,560, na ndani ya analogi hiyo inayochomoka wakarudisha kaboni ile ile. Jambo ambalo lingemfaa zaidi kijana wa Mbagala anayeendesha banda la TV mbili limepelekwa kwa mtu anayeweza kununua padi tatu.

Vitufe vya nyuma vilipita njia hiyo hiyo. Ni jambo jema. Vidole vyako vya kati na vya pete kwa miaka yote vimekaa nyuma ya padi bila kazi, na kitufe cha nyuma kinakuwezesha kuruka au kupiga bila kuondoa kidole gumba kwenye analogi ya kulia. Microsoft walivileta kwenye Xbox Elite mwaka 2015 kwa dola 150. Mwaka huo huo kampuni ya Valve wakavitia kwenye Steam Controller yao, wakashtakiwa na kampuni ya Ironburg, wenye hataza ya vitufe hivyo, na mwaka 2021 baraza la mahakama kule Marekani likaamua Valve walipe dola milioni 4. Kwa hiyo ukishangaa kwa nini padi ya kawaida ya PS5 au Xbox bado haina vitufe viwili vya nyuma, kumbuka kwamba ubishi mwingine haumalizwi kwenye meza ya wabunifu.

Betri nisikae sana. Xbox bado wanatumia betri mbili za AA, na wapo wanaowacheka. Mimi siwacheki. Padi ikiishiwa umeme Jumapili mchana, betri za AA ziko duka la Mangi. Betri ya ndani ikichoka baada ya miaka mitatu inataka fundi. Anayetaka ya kuchaji anaiongeza mwenyewe. Mabanda mengi mnatumia waya, na mnafanya vyema.

Lakini kuna padi moja ambayo imenifanya niuone ubishi huu wote upya, na ningependa muiwazie mkitoka hapa. Mwaka 2018 Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller. Haifanani na padi. Ni ubao mweupe wenye vitufe viwili vikubwa vya duara ambavyo unaweza kuvibonyeza kwa kiganja, kwa kiwiko au kwa mguu. Nyuma yake kuna matundu 19 kama yale ya spika za masikioni, na kila tundu ni kitufe kimoja cha padi. Unachomeka swichi ya aina yoyote mwili wako unayoiweza: ya kusukuma kwa shavu, ya kukanyaga, kijiti cha kuweka pajani. Waliibuni wakiwa na watu wa mashirika ya AbleGamers na SpecialEffect na wengine wanaoishi na wachezaji wenye ulemavu kila siku. Hata sanduku lake lilibuniwa ili mtu asilazimike kulifungua kwa meno. Desemba 2023 Sony nao wakatoa ya kwao, Access, inayolala mezani na kuzungukwa na vitufe unavyovibadilisha umbo.

Ile ya Microsoft niliipenda kwa roho ya utu iliyomo, na pia kwa kazi yake ya kifundi. Kila kitu kinachomeka na kuchomoka. Tundu ni la kawaida, waya ni wa kawaida, swichi unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kitufe cha kengele ya mlango. Maana yake padi iliyo wazi namna hiyo inawezekana kwenye mashine hizi hizi tulizonazo. Kijana mwenye mkono mmoja anayekuja kukaa kwenye benchi la banda lako kutazama wenzake anaweza kucheza, na si lazima ununue ubao huo leo. Kwenye Xbox, tangu 2017, kuna mpangilio unaoitwa Copilot unaoziunganisha padi mbili ziwe moja: yeye anashika analogi, nduguye anashika vitufe, mchezaji ni mmoja uwanjani. Uko ndani ya mashine, haulipiwi, na katika mabanda yote ninayoyahudumia sijaona hata moja lililouwasha. Nipo tayari kupita banda kwa banda kuuwasha.

Nimalizie kwa ombi, kwa kuwa malalamiko peke yake hayatatufikisha popote. Ulaya walisikilizwa kwa sababu walikuwa na hesabu. Sisi tuna kitu ambacho mchezaji wa nyumbani kule hana: padi inayochezwa saa kumi kila siku, mbele ya mtu anayeiona. Naomba kila mwenye banda aziandike padi zake namba kwa maka, na awe na ukurasa wa kila padi: tarehe iliyoanza kazi, gemu inayochezwa zaidi, tarehe analogi ilipoanza kujiendea, kilichobadilishwa na kiasi kilicholipwa. Mafundi tuandike upande wetu: ilikuwa kushoto au kulia, kaboni au sumaku, na baada ya kutengenezwa ilidumu muda gani. Kuna programu iliyotengenezwa na wapenzi wa padi, inayofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta, ambayo inakuonyesha analogi ya DualSense imepotoka kiasi gani na kukuwezesha kuiweka sawa ukishafunga mpya. Ijumaa nitakaa hapa na kompyuta kuwaonyesha wanaotaka, kwa hiyo njooni na padi zenu mbovu. Miezi sita tukiwa na kurasa mia, barua tutakayowaandikia waagizaji na wasambazaji itakuwa na namba ndani yake, na ombi litakuwa moja: analogi inayochomoka, kwenye padi ya bei ya kawaida.

Daftari la kuanzia liko pale mlangoni, karibu na meza ya chai. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nimeona mkono wa yule dada pale nyuma umeinuliwa tangu nilipoitaja Call of Duty, aanze yeye.